Saratani kwa anayeishi na VVU: namna ya kujikagua, kupima na kufuatilia kila unapokwenda kliniki

Dawa za ARV zinamfunga VVU. Hazimfungi kirusi cha HPV kilicho kwenye mlango wa kizazi, haziking'oi kile cha homa ya ini B kilichojificha kwenye ini, wala hazikifungi kirusi cha nane cha jamii ya hepesi kinacholeta saratani ya Kaposi. Saratani nyingi zinazowapata zaidi watu wanaoishi na VVU huanzishwa na virusi hivi vingine, ambavyo kinga ikiwa imara huzuiwa visilete madhara. Kinga ikilegea hata kwa miaka michache, vinapata nafasi, na mtu akija kuanza dawa baadaye huenda kazi ilishaanza kimyakimya.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na wingi wa virusi usiogundulika, anameza dawa bila kukosa, kisha akaambiwa ana saratani. Dawa hazikushindwa. Kilichokosekana ni vipimo vingine ambavyo hakuna aliyemkumbusha. Mwongozo huu unakupa orodha ya vipimo hivyo na mpangilio wake, ili mahudhurio ya kliniki ya VVU, yaani CTC (au CCC kwa walio Kenya), yasiishie kupima uzito na kuchukua vidonge.

Kabla ya kwenda mbele, jambo moja la kuondoa hofu: VVU haiongezi kila saratani. Saratani ya titi na ya tezi dume haziongezwi nayo, kwa hiyo kwa hizo fuata ratiba ile ile ya watu wengine.

Hatua ya 1: Jua namba yako ya wingi wa virusi

Hii ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya saratani ya Kaposi na saratani ya tezi za limfu. Uliza namba, usiridhike na "iko vizuri". Shirika la Afya Duniani linahesabu virusi vimefubazwa vikiwa nakala 1,000 au chini kwa kila mililita ya damu, lakini lengo lako ni kutogundulika kabisa. Andika tarehe na namba kwenye daftari dogo au nyuma ya kadi. Utaihitaji siku utakayohamia kituo kingine, na daktari wa saratani ataiuliza kabla ya jambo lolote.

Kama uliwahi kuacha dawa kwa miezi kadhaa, au ulianza ukiwa umedhoofika na CD4 (hesabu ya chembe za kinga) chini ya 200, liseme hilo wazi. Kipindi kile cha kinga kushuka kinabaki kwenye hesabu ya hatari yako hata kama leo uko imara.

Hatua ya 2: Mlango wa kizazi

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo saratani tunayoweza kuizuia kabisa, na bado nchini Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa kuipata mara 6 zaidi ya asiye na VVU. Na inakwenda mbio: kwa mwenye kinga ya kawaida HPV huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani, lakini kwa mwenye kinga dhaifu asiyetibiwa inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10.

*Uanze lini.* Miaka 25, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza kwa wanawake wanaoishi na VVU. Wasio na VVU huanza na 30. Ukipimwa kwa kipimo cha HPV na ukakutwa huna, rudi baada ya miaka 3 hadi 5. Ukipimwa kwa kuangaliwa kwa siki, rudi baada ya miaka 3. Kliniki yako ikikupangia kila mwaka, kubali. Usiwaambie umesoma mahali kwamba inatosha miaka mitatu. Kipimo cha kuangaliwa kinakosea zaidi, na kukirudia mara kwa mara ndiyo njia ya kuziba makosa yake.

*Namna ya kuomba.* Vituo vingi vya umma vina chumba cha uchunguzi huu karibu na kliniki ya mama na mtoto au uzazi wa mpango, siyo ndani ya CTC, na hapo ndipo wengi hupotea njiani: wanaandikiwa, wanavuka uwanja, wanakuta foleni, wanarudi nyumbani. Sema ukiwa bado dirishani: "Sista, naomba nichunguzwe mlango wa kizazi leo. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka fulani." Kama leo haiwezekani, omba tarehe iandikwe kwenye kadi, siku ile ile ya kuchukua dawa. Akiwepo MVIU mshauri, yaani mwenzako anayeishi na VVU anayesaidia wengine kliniki, mwombe akusindikize hadi mlangoni. Inasaidia kuliko maelezo.

*Maandalizi.* Usiende ukiwa kwenye hedhi. Siku nzuri ni kuanzia ya 10 hadi ya 20 ukihesabu kutoka hedhi ilipoanza. Saa 48 kabla, usifanye tendo la ndoa, usiweke dawa yoyote ukeni, na usijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala chochote. (Kwa kweli hilo la mwisho usilifanye siku yoyote ile.) Kitanzi cha uzazi wa mpango hakizuii uchunguzi. Mjamzito anaweza kuangaliwa, ila matibabu yakihitajika husubiri ajifungue; aliyejifungua asubiri angalau wiki 6.

*Kipimo cha HPV.* Hiki ndicho bora kikiwepo, na unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kukuangalia. Nawa mikono. Simama ukiweka mguu mmoja juu ya kiti au chuchumaa. Shika kijiti mahali palipoonyeshwa, usiguse ncha yake. Kiingize ukeni taratibu kikielekea nyuma kama unavyoelekea mgongoni, mpaka usikie kinagota au ufike alama iliyo kwenye kijiti. Kizungushe mara kadhaa kama picha ya kwenye pakiti inavyosema, kitoe bila kugusa mapaja, kitumbukize kwenye kichupa na ufunge kifuniko kwa nguvu. Hakikisha jina na namba yako vimeandikwa kwenye kichupa chenyewe, siyo kwenye karatasi tu. Sampuli zinazopotea mara nyingi ni zile zilizoandikwa kwenye karatasi peke yake.

Mashine inayotumika sehemu nyingi ni GeneXpert, ile ile ya kifua kikuu. Kipimo chenyewe huchukua muda wa saa moja hivi, lakini mashine moja inahudumia magonjwa kadhaa, kwa hiyo majibu huja baada ya siku au wiki. Toa namba ya simu unayoipokea wewe mwenyewe.

*Kuangaliwa kwa siki.* Wahudumu huita VIA. Utalala chali, magoti juu, na kifaa cha kupanulia uke kitaingizwa. Pumua kwa mdomo na ulegeze makalio. Ukikaza, ndipo panapouma. Mhudumu atapaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, ile ile iliyomo kwenye siki ya jikoni, kisha atasubiri angalau dakika 1. Akiharakisha, doa halijatokea bado. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe pepe, zenye ukingo unaoonekana, karibu na mpaka wa tundu la mlango wa kizazi. Utahisi mwasho kidogo wa siki, basi.

Kipimo hiki kina udhaifu mmoja ambao wengi hawaambiwi. Mwanamke akikaribia au akishavuka ukomo wa hedhi, sehemu inayotakiwa kuangaliwa hurudi ndani ya mfereji isionekane. Jibu la "hakuna tatizo" hapo halina maana kubwa. Mwenye umri huo aombe kipimo cha HPV. Kwa waliovuka miaka 50, uchunguzi huachwa baada ya majibu mawili mfululizo yasiyo na tatizo.

*HPV ikionekana.* Siyo saratani. Ni kirusi, na wengi sana wanacho. Utaitwa uangaliwe mlango wa kizazi ili kujua kama kuna kidonda cha awali. Pasipokuwa na kidonda, unarudi kupima baada ya miezi 12. Pakiwa na kidonda cha awali, yaani kabla ya saratani, kinatibiwa, mara nyingi siku hiyo hiyo.

*Matibabu.* Ziko njia tatu. Kuchoma kwa joto: kichwa cha kifaa hufikia nyuzi 100 au zaidi na huwekwa kwa sekunde 20 hadi 30, pengine zaidi ya mara moja. Tiba mgando: gesi hugandisha kwa dakika 3, huachwa dakika 5, hugandishwa tena dakika 3. Kifaa cha joto kimeenea kwa sababu hakisubiri mtungi wa gesi, na gesi kuisha ndiyo ilikuwa sababu kubwa ya wanawake kuambiwa "njoo wiki ijayo". Njia ya tatu ni kukata kwa waya mwembamba wa umeme, LEEP, kwa kidonda kikubwa au kinachoingia ndani ya mfereji. Hii hufanywa hospitali kubwa kidogo. Mbili za kwanza haziruhusiwi kama kidonda hakionekani chote au kuna wasiwasi wa saratani yenyewe. Mhudumu akikataa kukuchoma na kukupa rufaa, ana sababu. Kuchoma juu ya saratani huifunika tu.

*Baada ya matibabu.* Majimaji mengi kama maji ya mchele yatatoka hadi wiki 4. Vaa pedi, usitumie za kuingiza ndani. Usifanye tendo la ndoa wiki 4. Ikishindikana, kondomu kila mara, kwa sababu kidonda kibichi hupitisha maambukizi kwa urahisi kwenda na kurudi. Zungumza na mwenzako kabla ya siku ya matibabu, maana mazungumzo haya yakifanyika usiku baada ya kuchomwa huwa magumu. Rudi haraka ukipata homa, damu nyingi kuliko hedhi, usaha wenye harufu au maumivu makali ya tumbo.

Halafu kuna tarehe mbili za kuandika: miezi 12 baada ya matibabu, na miezi 12 mingine baada ya hapo. Zote mbili zikiwa safi ndipo unarudi kwenye ratiba ya kawaida. Kidonda hurudi mara nyingi zaidi kwa wenye VVU, na anayekosa tarehe hizi ndiye tunayekuja kumwona akiwa amechelewa.

*Chanjo ya HPV.* Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Dozi moja ni kwa wenye kinga ya kawaida. Msichana anayeishi na VVU anatakiwa kupata dozi angalau 2, na ikiwezekana 3. Wachanjaji wa shuleni hawajui hali yake, wala si kazi yao kuijua. Mzazi au mlezi ndiye wa kumpeleka kliniki yake kuomba dozi zilizobaki.

Hatua ya 3: Ini

Omba kipimo cha homa ya ini B, mara moja, na ujue jibu. Ukiwa huna, omba chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa 6.

Ukiwa nayo, kuna habari njema ndani ya kopo lako. TLD, kidonge cha ARV wanachomeza wengi, ina tenofovir, lamivudine na dolutegravir, na mbili za kwanza zinakandamiza kirusi cha homa ya ini B pia. Lakini hii ina upande wa pili. Ukiacha dawa, au ukibadilishiwa mseto ukaondolewa tenofovir bila mpango, kirusi kile huibuka kwa kishindo na ini linaweza kushindwa. Kwa hiyo siku yoyote daktari anapotaja kubadilisha dawa, sema: "Nina homa ya ini B." Mwenye ini lililosinyaa afanyiwe ultrasaundi ya ini kila miezi 6.

Punguza pombe. Na mahindi au karanga zilizoota ukungu zitupwe, zisipelekwe mashineni kuchanganywa na nzuri. Sumukuvu haifi kwa kupikwa, na ikikutana na homa ya ini B kwenye ini moja hatari ya saratani huzidi kuliko kila moja ingekuwa peke yake.

Hatua ya 4: Jikague mara moja kwa mwezi

Dakika kumi, mchana, karibu na dirisha, na tochi ya simu.

Anza na ngozi: nyayo, miguu, uso, ncha ya pua, nyuma ya masikio. Saratani ya Kaposi huanza kama doa au kivimbe ambacho hakiumi wala hakiwashi. Kwenye ngozi nyeusi huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au nyeusi tu, na ukilibonyeza rangi haipotei. Fungua mdomo umulike kaakaa la juu. Hapo huonekana mapema na hakuna anayepaangalia. Mguu mmoja kuvimba na kuwa mgumu bila kuumia ni dalili pia. Piga picha ya doa ukiweka sarafu pembeni, ile ile kila mwezi, ili ukuaji uonekane bila ubishi.

Aliyeanza ARV karibuni anaweza kuona madoa yanaongezeka wiki za mwanzo. Usiache dawa. Kinga inaamka na kuanza kupambana. Rudi kliniki waamue kama unahitaji tiba ya saratani juu yake. Na ukiwa na Kaposi, jihadhari na prednisoloni na deksamethasoni, ambazo maduka mengi huuza kwa mzio au pumu, kwani huichochea Kaposi. Mwambie kila anayekuandikia dawa.

Kisha tezi: shingo, makwapa, kinena. Tezi ngumu kama mpira, isiyouma, inayozidi sentimita 2 na kuendelea kukua, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, inahitaji majibu. Kwetu jibu la kwanza huwa kifua kikuu, na mara nyingi ni kweli. Tatizo ni pale dawa za TB zinapoanzishwa bila ushahidi na tezi inaendelea kukua huku watu wakisubiri miezi sita iishe. Aina ya Burkitt, aliyoieleza daktari mpasuaji Denis Burkitt kutoka hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1958, huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Tezi isiyopungua kwa dawa za TB itolewe nzima ipelekwe maabara. Sindano nyembamba ya kunyonya seli mara nyingi haitoshi kutambua aina ya saratani hii.

Mwisho jicho, na hili husahaulika kuliko yote. Afrika Mashariki, saratani ya ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho inawapata sana watu wanaoishi na VVU, jua kali likiichochea. Huanza kama kinyama chenye rangi ya waridi au cheupe kando ya mboni, na watu hudhani ni kile kinyama cha kawaida cha wakulima na wavuvi. Kinachokua kwa wiki au miezi, chenye mishipa minene ya damu, kiondolewe na daktari wa macho. Sisitiza kipelekwe maabara; kikitupwa kwenye ndoo hutajua kilikuwa nini mpaka kirudi. Kofia pana na miwani ya jua si urembo.

Hatua ya 5: Mengine, kwa kifupi

Sigara na shisha: acha. Mapafu ya anayeishi na VVU hudhurika zaidi kwa moshi ule ule, na HPV hukaa zaidi kwenye mlango wa kizazi wa mvutaji.

Njia ya haja kubwa: HPV huleta saratani hapo pia, kwa wanaume na wanawake, hasa wanaopokea tendo kwa njia hiyo na wanawake waliowahi kutibiwa kidonda cha mlango wa kizazi. Damu, uvimbe au maumivu yasiyoisha yasiitwe bawasiri kwa kukisia. Omba kupimwa kwa kidole, mara moja kwa mwaka.

Wanaume: kidonda au kinyama kwenye uume kisichopona kwa wiki 3, hasa chini ya govi, kionyeshwe.

Hatua ya 6: Ukiambiwa ni saratani

Usikubali tiba ya saratani bila majibu ya kinyama kilichochukuliwa na kusomwa maabara. Omba nakala ya majibu hayo, na mwulize aliyekichukua: kimepelekwa maabara ipi, kwa namba gani, majibu lini. Vinyama hupotea kati ya chumba cha upasuaji na maabara, na anayefuatilia kwa namba hukipata. Tanzania rufaa huelekea Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya KCMC, Moshi. Beba kadi ya CTC, daftari la wingi wa virusi, majibu ya kinyama na kopo la dawa lenyewe.

Mwambie daktari wa saratani hali yako hata kama umeandamana na ndugu asiyejua. Omba kuingia peke yako. Kuficha kunamfanya akupe dawa zinazogombana na zako. ARV haziachwi wakati wa mionzi wala dawa za saratani. Kinga inaweza kushuka katika kipindi hicho, kwa hiyo unaweza kurudishwa kwenye Septrini, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, hata kama uliachishwa zamani.

Kosa dogo linaloharibu mengi: wagonjwa wanaotokwa damu hupewa vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma hunasa dolutegravir tumboni isifyonzwe, na virusi huanza kupanda. Meza TLD saa 2 kabla ya vidonge vya damu au saa 6 baada yake, au vyote pamoja na chakula. Dawa za kupunguza asidi tumboni zenye aluminiamu au magnesiamu, hizo hata chakula hakisaidii. Zitenganishe kwa saa zile zile.